Komeo Lipo kwa Mama

Mwalimu wetu wa utunzi alitutaka tuandike kuhusu kitu ambacho kila mmoja wetu alikinunua kwa fedha yake mwenyewe na kikampa raha. Mwenzetu kutoka Gulu aliandika kuhusu ndama. Dada wa Bujumbura aliandika kuhusu gitaa, na insha yake ilitufanya sote tutamani kujifunza gitaa. Mimi nilikaa wiki nzima kwa aibu. Nilianza kuandika kuhusu viatu, nikaichana karatasi, kwa sababu viatu havijawahi kunipa raha yoyote. Kitu changu ni bastola.

Tafadhali, msomaji, usifunge kitabu. Ni bastola ya kulengea shabaha, ya risasi ndogo, na ina umri mkubwa kuliko wangu kwa miaka 23.

Nilizaliwa Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1999. Mwishoni mwa Oktoba 2008 vita viliingia mjini kwetu, nasi tukatoka na vitu tulivyoweza kubeba kichwani, tukapita Bunagana, tukaingia Uganda. Sitaeleza safari hiyo hapa. Wengi wenu mna safari zenu. Nitasema jambo moja tu. Kabla hatujaondoka, askari walikaa uani kwetu siku mbili. Walipika kwa kuni zetu, wakazisafisha bunduki zao juu ya mkeka wa mama yangu. Mkeka ule tuliuacha. Miaka saba baadaye, baada ya maisha ya kambi ya Nakivale, tulipelekwa Marekani, katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, ambako kuna baridi, viazi, na Wakongo wengi kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Huko nilipata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Fundi wa mashine zetu alikuwa mzee Mmarekani aliyekaribia kustaafu. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alicheka, kisha akaanza kujiita hivyo mwenyewe hata kwenye simu. Siku moja aliniuliza Jumamosi huwa nafanya nini. Nikasema nalala. Akasema twende tukapige shabaha.

Nilikubali kwa sababu sikujua namna ya kumkatalia mzee. Uwanja uko nje ya mji, kwenye tambarare kavu yenye vichaka vya kijivu, na mwisho wake ni kilima cha udongo kinachopokea risasi. Tulikuwa bado tunashusha vitu garini mtu wa meza ya jirani alipoanza kufyatua bunduki kubwa. Sikumbuki nilivyoondoka nilipokuwa. Nakumbuka tu kwamba nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya gurudumu, mikono kichwani, na magoti yangu yamejaa changarawe. Nilikuwa na miaka 22, mwanamume mwenye leseni ya udereva.

Mzee hakusema neno. Alirudisha vitu garini, akanipeleka kunywa kahawa, na wiki iliyofuata akaniambia: tutakwenda Jumanne asubuhi, Jumanne hakuna mtu. Nilikwenda. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilikwenda. Nadhani ni kwa sababu hakuniuliza chochote.

Jumanne ile ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mlio wa risasi ndogo, ile ambayo Wamarekani huiita ishirini na mbili. Upana wake ni milimita 5.6, na kichwa chake cha risasi kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Risasi kubwa za kisasa zina fataki yake katikati ya kitako cha ganda. Hii fataki yake imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, kwa hiyo pini ya bastola hugonga ukingoni. Aina hii ilibuniwa Marekani mwaka 1887 na haijabadilika sana tangu hapo. Mlio wake ni kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Bastola hairuki mkononi, hutikisika kidogo tu. Msinielewe vibaya, inaua. Boksi lake lenyewe linaonya kwamba risasi inaweza kusafiri maili moja na nusu. Lakini haikufanana na sauti niliyoijua. Masikio yangu hayakuwa na kumbukumbu yake.

Kwa miezi minane nilipiga kwa bastola ya Mzee. Kisha nikataka yangu. Alidhani ni tamaa ya kijana. Ilinichukua muda kumweleza kwamba bunduki zote nilizowahi kuziona maishani zilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, nami nilikuwa upande wa pili wa mtutu. Nilitaka moja ambayo mimi ndiye ninayeamua ielekee wapi, nami niielekeze kwenye karatasi.

Tuliipata katika duka la rehani. Ilikuwa kwenye kabati la kioo kati ya saa za mkono na tarumbeta: Ruger Mark I ya shabaha, mtutu mrefu na mwembamba wa karibu inchi 7, mpini ulioinama nyuma kama wa Luger ya Wajerumani. Kampuni ya Sturm, Ruger ilianza mwaka 1949 huko Connecticut kwa bastola ya namna hii, iliyouzwa dola 37 na senti 50. Miaka miwili baadaye ukatoka mtindo huu wa shabaha, na mwaka 1982 ukaja Mark II kuushika mkia. Hii ya kwetu ilikuwa na maandishi madogo juu ya chuma, na Mzee aliponisomea nilimwomba arudie. Yalisema kwamba imetengenezwa katika mwaka wa 200 wa uhuru wa Marekani. Yaani 1976, mwaka ambao kiwanda kilipiga maneno hayo kwenye silaha zake zote. Mwaka huo nchi yetu iliitwa Zaire, na mama yangu alikuwa na miaka miwili.

Mzee alinifundisha kuikagua kama mtu anavyomkagua mbuzi sokoni. Aliingiza kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu ili mwanga uonyeshe kama ndani kuna kutu. Alitazama ukingo wa chemba, kwa sababu wenye bastola hizi wakiifungua hupoteza kipini kidogo kinachoizuia pini isisogee mno, na pini ikisogea mno hugonga chuma badala ya ganda, mpaka chemba inabonyea. Kipini kilikuwapo. Rangi ya buluu-nyeusi ilikuwa imechakaa pembeni, na nyuma kulikuwa na alama za nyundo. Mzee alizigusa, akatabasamu. "Huyu aliyeiuza alishindwa kuirudisha," akasema. Sikumwelewa siku hiyo.

Mwenye duka alitaka dola 310. Watu husema Wamarekani hawajui kupatana bei. Waende duka la rehani, watadhani wako Owino. Tulimaliza kwa 275.

Kisha ikaja fomu. Ni fomu ya serikali kuu ambayo kila mnunuzi hujaza dukani: je, umewahi kuhukumiwa, je, unatumia dawa za kulevya, je, wewe ni raia wa nchi gani. Niliandika Kongo, nikaandika namba yangu ya ukaazi wa kudumu. Muuzaji alituma majina. Jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, hapana. Langu lilikuwa subiri. Muuzaji alisema ni jambo la kawaida, siku tatu za kazi tu. Kwake lilikuwa la kawaida. Mimi nimesubiri majibu ya serikali tangu nikiwa na miaka 9, na zile siku tatu nilizihesabu kwa tumbo. Siku ya nne walinipigia simu nikachukue mali yangu.

Sasa Mama.

Sikumficha. Nilimwambia nikiwa na risiti mkononi, naye alikuwa akisonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Bunduki ilitukimbiza," alisema. "Sasa weye unaifuata ku duka?"

Nikamweleza kuhusu karatasi, umbali, risasi ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza daktari ambaye hamwamini.

"Haitalala mu nyumba yangu."

Basi haikulala. Ililala katika kabati la chuma la Mzee, nami nikawa mtu anayemtembelea mchumba nyumbani kwa wengine.

Natamani ningeweza kuwaeleza vizuri raha ya kupiga shabaha, lakini kwa mtu anayetazama ni mchezo mkavu. Unasimama wima, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeunyoosha. Mbele ya mtutu kuna nundu ndogo ya chuma na nyuma kuna mfuo. Unaiweka nundu katikati ya mfuo. Kosa la kila anayeanza ni kuitazama karatasi. Hapana. Unaitazama nundu mpaka uone kona zake, na karatasi iliyo mita 23 mbele unaiacha iwe ukungu. Mkono unacheza, hauwezi kuacha kucheza. Unavuta kifyatulio polepole, bila kuamua ni lini kitaachia. Risasi nzuri hukushtua mwenyewe. Ukijua inatoka sasa hivi, umeshaiharibu.

Hapo ndipo palikuwa ugonjwa wangu. Sekunde moja kabla ya mlio, mkono wangu uliinama na macho yakafumba. Karatasi zangu zote zilikuwa na matundu chini kushoto, au hazikuwa nayo kabisa. Mzee akawa ananipakilia bastola yeye mwenyewe huku nimegeuka. Mara aweke risasi, mara aache chemba tupu. Chemba ikiwa tupu, nyundo ilisema "ta", na mtutu ulichovya chini kama jogoo anayedonoa, mbele ya macho yetu wote wawili. Hakuna pa kujificha. Alifanya hivyo Jumanne baada ya Jumanne, majira yote ya kiangazi, bila kunicheka hata mara moja. Mwezi wa Septemba nyundo ilisema "ta" na nundu haikusogea. Tulitazamana. Akasema, "Haya, sasa tuanze."

Mark I ina tabia ambayo wengine wanaiona kasoro: risasi zikiisha haikuambii. Bastola za baadaye hubaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Hii hujifunga kana kwamba bado ina kitu. Magazini yake huchukua risasi tisa, na ni lazima uhesabu. Mimi nahesabu kwa Kiswahili, moja mpaka tisa, kwa pumzi. Nimegundua kwamba mtu anayehesabu kwa sauti ya ndani hana nafasi ya kukumbuka mambo mengine.

Wakati wa baridi kulikuwa na mashindano madogo ndani ya jengo, mita 15, risasi kumi za polepole, kisha tano kwa sekunde 20 mara mbili, kisha tano kwa sekunde 10 mara mbili. Jumla ni alama 300. Nilipata 212. Nilishindwa na msichana wa miaka 14 na bibi ambaye alikuja na kigoda chake cha kukalia. Karatasi yangu nzuri zaidi nilimpelekea Mama. Aliipindua akaitazama mwangani.

"Matundu yote haya ni ya weye?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hii karatasi ilikufanya nini?"

Wiki ya Krismasi Mzee alikwenda kwa binti yake, akafunga nyumba. Nilikuwa nimetoka uwanjani usiku, bastola ikiwa na masizi, na sikuwa na pa kuipeleka. Mama alikuwa kwenye maombi. Nikasema nitaisafisha haraka, niifungie garini kabla hajarudi. Nikatandika gazeti juu ya meza ya jikoni.

Kuifungua ni rahisi. Nyuma ya mpini kuna kibanio. Unakivuta kwa kucha, kinatoka pamoja na springi na pini ndefu iliyopita juu, kisha bomba la juu linachomoka mbele, na kile kipande kinachokwenda na kurudi ndani yake kinateleza nje. Kamusi yangu haikuwa na jina la kipande hicho. Mimi naliita komeo, maana linafanya kazi ya komeo la mlango, na nyuma lina masikio mawili ya kushikia. Mwalimu, kama kuna neno bora, nitalipokea.

Kuirudisha ndiyo balaa, na usiku ule ndipo nilipoelewa zile alama za nyundo. Ndani ya mpini kuna kijiti kinachoning'inia kutoka kwenye nyundo, na ni lazima kidondoke mahali pake juu ya springi wakati unafunga kibanio. Unaiinamisha bastola hivi, unavuta kifyatulio, unaiinamisha vile. Ukikosea, kila kitu kinafunga vizuri kabisa isipokuwa komeo halirudi nyuma. Nilirudia mara saba, nane. Jasho lilinitoka katika nyumba yenye baridi. Sikusikia mlango.

Mama alisimama na koti lake lenye theluji mabegani. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa, akavitazama vipande vilivyolala juu ya gazeti.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Imekufa?"

"Imefunguliwa tu."

Alinyoosha mkono, akachukua komeo. Alilipima uzito kiganjani. Kisha akalileta puani, na hapo nikaona uso wake ukibadilika, nami nikajua kabla hajasema. Ni mafuta. Mafuta ya bunduki yana harufu moja duniani kote.

"Harufu ya basoda," alisema. "Ile siku ya mkeka."

Hatukuwahi kuutaja mkeka ule, yeye na mimi, kwa miaka kumi na minne. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayeukumbuka. Alinieleza kwamba ulikuwa zawadi ya mama yake, na kwamba kilichomuumiza si kuuacha, ni kwamba walipomaliza kusafisha walimwamuru akunje, naye akaukunja ukiwa na madoa, akauweka ukutani vizuri, kana kwamba wangerudi. Alizungumza kama nusu saa. Mimi nilikuwa na kitambaa mkononi na sikujua nikiweke wapi. Mwishowe aliinuka.

"Bila hii inapiga?" aliuliza, komeo bado mkononi.

"Haiwezi."

"Basi ingine ilale. Hii inalala na miye."

Akaondoka nalo. Huo ndio ukawa utaratibu wetu. Bastola iliyobaki ilikaa chumbani kwangu katika sanduku la kufuli, na komeo lilikaa ndani ya mkebe wa biskuti kwenye kabati la Mama, pamoja na hati zetu za ukimbizi. Kwa sheria ya Marekani alichokuwa nacho yeye si silaha. Silaha ni lile bomba lenye namba. Lakini sote wawili tulijua nani ana bastola. Asubuhi ya kwenda uwanjani nilibisha mlango wake, naye alinikabidhi komeo likiwa limefungwa kwa kitambaa, na jioni nilimrudishia. Kwa kuwa nililazimika kuiunga upya kila wiki, nikawa fundi. Siku hizi nairudisha kwa dakika mbili, na Mzee huwaita wenzake waje watazame.

Sasa niko Kampala kwa mwaka mmoja. Nimekuja kusoma Kiswahili sanifu ili nirudi hospitali ileile nikiwa mkalimani badala ya mfua mashuka. Kiswahili chetu cha Kivu kilinitosha nyumbani, lakini mgonjwa kutoka Dodoma aliwahi kunitazama kama ninayezungumza Kichina. Mji huu una askari wenye bunduki mlangoni mwa kila benki na kila supamaketi. Wengine husinzia kwenye viti vya plastiki, bunduki magotini, mtutu ukiwatazama wanunuzi kwenye mapaja. Wenzangu hupita wakicheka. Mimi huzunguka nyuma ya kiti. Sichuchumai tena, lakini huzunguka.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama. Tulizungumza kuhusu dada, kuhusu bei ya mayai, kuhusu Mzee ambaye humpelekea nyanya za bustani yake na kutaka kufundishwa kusema asante. Mwishoni nikauliza kuhusu komeo.

"Lipo," alisema. "Niliona linaanza kukauka, nikalipaka mafuta."

"Mafuta gani, Mama?"

"Ya kupikia. Hayana ile harufu."

Mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka gundi. Nikirudi mwezi wa Juni nitakuwa na kazi ya siku nzima, na mswaki, na mafuta ya taa. Nilimwambia amefanya vizuri.